Mto Ndani ya Koti Langu

Nguruwe alikaa dirishani siku tisa kabla mtu yeyote hajamgundua. Nalitaja jambo hili mwanzoni si kwa kujisifu, Mungu ni shahidi, bali kwa sababu bila nguruwe yule nisingejua kamwe kwamba mwanga uko wa aina mbili, wala nisingechanganyikiwa kiasi nilichochanganyikiwa mwaka uliofuata.

Katika mji wetu wa Berekvásár kila darasa linalomaliza shule hutengeneza tablo. Ni ubao mkubwa wenye picha ya kila mwanafunzi na kila mwalimu, jina chini yake, na katikati picha moja kubwa ya darasa zima. Kuanzia Aprili hadi mitihani tablo hizo huwekwa kwenye madirisha ya maduka: moja kwa muuza nyama, moja kwenye duka la dawa, moja kwenye duka la viatu. Jumapili watu wakitoka kanisani hutembea dirisha hadi dirisha, mikono nyuma, wakihukumu pua za watoto wa wenzao.

Mwaka ule nilikuwa darasa la kumi na moja, bado mwaka mmoja nimalize. Niliingia duka la viatu kwa kisingizio cha kujaribu buti, nikaiondoa picha ya Mwalimu Gellért wa fizikia, nikaweka mahali pake picha ya nguruwe mwenye manyoya ya kujikunja, aliyekuwa akiitazama kamera kwa uchovu uleule ambao mwalimu hututazama nao Jumatatu asubuhi. Siku tisa. Bibi Etelka, jirani yetu, alisema mwalimu amependeza, angalau siku hizi anakula.

Hukumu ya Mwalimu Mkuu Klementina ilikuwa fupi. Kwenye tablo ya darasa langu kutakuwa na fremu yenye jina langu, Zsombor Kelecsényi, na ndani ya fremu hiyo hakutakuwa na kitu.

Wengine wangecheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipomkumbuka bibi yangu Piroska, aliyenilea. Babu aliacha shule akachunge bata bukini. Baba aliacha akiwa na miaka kumi na saba, akaenda Ujerumani kujenga barabara. Bibi amezunguka madirisha yale miaka sitini, amesifu wajukuu wa kila mtu, na hata mara moja hajapata dirisha la kusimama na kusema huyu ni wetu. Majira ya baridi hayajaisha alikuwa ameshachagua kilemba atakachofunga Jumapili ya kuitazama tablo yangu, cha rangi ya zambarau. Sikumwambia habari za fremu tupu. Kila nilipotaka kumwambia alikuwa akikipiga pasi kilemba kile.

Ndipo ikaja bahati, ingawa haikuwa bahati kwa Mjomba Vilmos, mpiga picha wa mji. Mwezi Machi alipanda ngazi kupogoa mti wake wa cheri, ngazi ikaenda upande wake na yeye akaenda upande wake, mkono ukavunjika. Kamera yake alikuwa tayari kuiazimisha. Mkono haukuwa wa kuazima.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikiwa nimechana nywele, nikajitolea kupiga picha ya katikati. Darasa lilikuwa limeshapiga kura kwamba ipigwe juu ya tuta la mto Tisza wakati jua linatua, maji na anga nyuma yetu. Mjomba Vilmos alikuwa amewaonya kwamba picha ya namna hiyo ni ngumu. Mimi onyo hilo sikulisikia. Nilisikia neno machweo tu, nikafikiri machweo hufanya kazi yenyewe.

Mwalimu Mkuu alikubali kwa masharti. Picha ifae kuwekwa dirishani. Watu wote ishirini na saba waonekane, nami nikiwemo. Isichezewe kwenye kompyuta, maana tangu nguruwe yule shule ilipiga marufuku kubandika chochote juu ya chochote. Nikifaulu, uso wangu utawekwa kwenye fremu yake. Nikishindwa, fremu itabaki tupu na vyoo vya bweni tunamolala siku za shule vitakuwa vyangu hadi mitihani. Halafu akaongeza, kwa furaha isiyofaa kwa mwanamke wa umri wake, kwamba mtu mmoja tu pale shuleni anaielewa flashi ya kamera. Mtu huyo ni Mwalimu Gellért.

Mwalimu alinipokea maabara bila kuonyesha kwamba ananichukia, jambo lililonitia hofu zaidi. Nilikuwa nimekuja na Botond, rafiki yangu tunayelala kitanda cha juu na cha chini. Mwalimu alimsimamisha mbele ya dirisha, akampiga picha bila flashi. Miti ya mipopla ya nje ilitoka vizuri sana, na Botond akatoka mweusi kama kisiki. Kisha akawasha flashi na kupiga tena. Sasa Botond alikuwa mweupe kama yai lililomenywa, na dirisha likawa jeusi tii.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" mwalimu akaniuliza.

"Saa kumi alasiri, mwalimu."

"Na humu ndani ya picha?"

Nilitazama. Ndani ya picha ilikuwa usiku wa manane, na Botond alikuwa amefumaniwa akiiba.

Akanieleza. Mwanga wa jua na anga ni kama mto, unaingia muda wote mlango wa kamera ukiwa wazi. Ukiacha mlango wazi kwa muda mrefu, unaingia mwingi. Flashi ni kama ndoo ya maji, inamwagwa mara moja tu, kufumba na kufumbua, na haijali mlango ulikuwa wazi kwa muda gani. Kwa hiyo muda wa mlango unaitawala anga. Tundu la lenzi linatawala vyote viwili. Na mlango ukiwa wa haraka kupita kiasi, flashi inaukuta umeshaanza kujifunga, na kipande cha picha kinabaki cheusi.

Nikamwuliza, ili niwe na hakika, kama nikitaka anga iwe na giza zaidi nifupishe muda wa mlango. Akasema ndiyo. Na nyuso? Zitabaki vilevile. Nikiminya tundu la lenzi je? Vyote vitashuka. Basi nitaongeza nguvu ya flashi? Ongeza. Na anga? Bado iko chini. Kwa hiyo nirefushe muda wa mlango? Refusha.

"Basi nimerudi palepale nilipoanzia," nikasema.

Mwalimu Gellért akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Umefika mahali pengine panapofanana na pale."

Niliondoka na kurasa tatu za maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu, na nilichokielewa humo kilikuwa tarehe tu.

Wiki nzima nilipiga picha. Nilimpiga mpishi mbele ya dirisha la jikoni. Mpishi akatoka mzuri lakini dirisha likafa. Nilipiga sahani ya tambi za jibini wakati wa machweo, ikatoka kama mwezi ulioanguka mezani. Nilimpiga Botond uwanjani kwa mlango wa haraka, akatoka bila miguu, chini yake ukanda mweusi, naye akaituma picha hiyo kwa mama yake akiomba pesa za hospitali. Kila usiku nilisoma kurasa zangu tatu chini ya blanketi. Nililala nikiwa nimeelewa na kuamka nikiwa sijaelewa.

Jumapili nilikwenda kwa bibi kula chakula cha mchana. Baada ya supu ya kuku alileta mvinyo mwekundu na ile chupa ya kioo ya maji ya gesi, ya kubonyeza. Kwetu mvinyo na maji ya gesi havichanganywi ovyo. Kila kipimo kina jina lake, na kulikosea ni aibu kuliko kukosea jina la mchumba. Mvinyo sehemu moja na maji mbili ni Hatua Ndefu. Mvinyo mbili na maji moja ni Mruko Mkubwa. Mvinyo tatu na maji mbili ni Mtunza Nyumba. Mimi, kwa kuwa nilitimiza miaka kumi na minane Februari, napewa Hatua Ndefu, tena huwa bibi anaifanya iwe ndefu mno.

Aliniuliza kwa nini natazama taa kama ng'ombe. Nikamweleza habari za mianga miwili, ila si habari za fremu. Alinisikiliza huku akishikilia chupa.

"Sasa ugumu uko wapi, mjukuu wangu?" akasema. "Una vitu viwili, glasi moja. Kwanza jua unatengeneza glasi ya jina gani."

Nilihisi mbingu zimefunguka. Njia nzima ya kurudi bweni nilipiga hesabu. Kipi ni kikali? Flashi. Basi flashi ni mvinyo. Kipi ni kingi na cha bure? Anga. Basi anga ni maji. Na watu wazima, waliovaa suti kwa siku kubwa, wanastahili glasi gani? Mtunza Nyumba. Flashi tatu, anga mbili. Usiku huo sikusoma kurasa zangu. Nililala kama askofu.

Siku ya picha tulipanda tuta la Tisza, wasichana wakiwa na blauzi zao za kibaharia, wavulana suti. Botond alibeba stendi ya kamera begani kama msalaba. Mwalimu Gellért alikuja na kiti cha kukunja na mfuko wa mbegu za maboga, akaketi pembeni, akatangaza kwamba amekuja kuangalia tu, na kwamba mdomo wake una kazi. Akaanza kubangua mbegu.

Niliwapanga ishirini na sita, nikaacha nafasi yangu mwishoni kando ya Botond. Nikaweka Mtunza Nyumba kwenye mitambo. Nikabonyeza.

Nyuso zilitoka kama maandazi ya unga mweupe. Nyuma yao, mahali penye Tisza na jua lote la Mungu, palikuwa na ukuta wa kijivu.

Emőke, kiranja wa darasa, alikuja kutazama kioo cha kamera. Emőke hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, na hana haja. "Zsombor," akasema, "tunafanana na watu waliokamatwa wakiwa na kuku wa jirani."

Nikamwambia ni jaribio la kwanza. Nikafupisha muda wa mlango, kwa sababu nilikumbuka kuna kitu kinachofupishwa. Watu wakakosa miguu. Nikaminya tundu, vyote vikashuka, nikaongeza flashi, nyuso zikarudi kuwa maandazi na ukuta ukawa mweusi. Nikazima flashi kwa hasira. Mto ukatokea mwekundu na mzuri ajabu, na mbele yake visiki ishirini na sita.

Jua likazama. Wasichana walianza kutetemeka. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama wanaweza kutumia picha ya nguruwe katikati, maana yule angalau alionekana. Botond akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, mguu mmoja umekufa ganzi na wa pili unauaga." Nilikuwa naona kilemba cha zambarau kimesimama mbele ya fremu tupu, na Bibi Etelka pembeni akitafuta la kusema.

Nikaenda hadi kwenye kile kiti cha kukunja. Nikamweleza mwalimu kila kitu, pamoja na Mtunza Nyumba. Akaacha kutafuna.

"Mvinyo ni upi?" akauliza.

"Flashi, mwalimu. Ndiyo kali."

Mwalimu akatema ganda.

"Bibi yako anaanza kumimina kipi?"

"Mvinyo. Halafu ndiyo anabonyeza maji."

Alirudi kwenye mbegu zake, akanionyesha kwa kidevu tu upande wa mto. Nikageuka. Anga ilikuwa na rangi ileile ya mvinyo wa bibi, hata kile kiza cha chini ya glasi kilikuwepo. Ilikuwa imeshamiminwa saa nzima, nami nilikuwa nikiimwagia maji.

Nikaizima flashi. Nikaipima anga peke yake, bila kujali visiki, nikaacha mlango wazi nusu sekunde mpaka wekundu ukakaa kwenye kioo kama ulivyokaa machoni. Kisha nikawasha flashi, nikaishusha nguvu mpaka ikawa ndogo kama kubonyeza chupa kidogo tu kwa mjukuu. Nikawaambia wasimame kama mawe. Nikabonyeza.

Siwezi kueleza kilichotokea. Nimeshajaribu. Mto ulikuwa mwekundu, miguu yote ipo, na nyuso zilikuwa nyuso, za watu wanaosikilizana jioni, si za watu waliomulikwa. Emőke aliitazama picha. Akasema, "Hii ni sisi." Kisha akahesabu kwa kidole. "Ishirini na sita. Wewe uko wapi?"

Sharti. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Anga ilikuwa inafifia kama makaa, palibaki pumzi ya picha moja. Nikaweka taima ya sekunde kumi, nikarefusha muda wa mlango hadi sekunde mbili kuifuata anga inayokufa, nikabonyeza, nikakimbia.

Haikuwa sekunde kumi. Gurudumu la taima lilikuwa kwenye mbili. Nilikuwa katikati ya njia, mdomo wazi, tai imeruka begani, flashi iliponipiga. Nikamaliza mbio hadi kando ya Botond, nikasimama wima kwa heshima zote, kwa faida ya kamera iliyokuwa ikifunga mlango. Tulipofika kuitazama, anga ilikuwa imekuwa rangi ya majivu na hapakuwa na picha nyingine ya kupiga.

Watu ishirini na sita walikuwa imara. Wa ishirini na saba alikuwepo pia. Uso wangu ulikuwa mkali, kila kipele mahali pake, kwa sababu flashi ilinishika pale. Lakini nilikuwa nimeondoka kabla mlango haujafungwa, na mto uliendelea kuingia mahali nilipokuwa. Ndani ya koti langu ulipita mto Tisza. Kifuani nilikuwa na mpopla wa ng'ambo. Na kule mwisho wa mstari, kando ya Botond, palikuwa na ukungu mwembamba ambao nao ulikuwa mimi. Kwa hesabu zangu nilikuwemo mara moja na robo.

Siku iliyofuata tulisimama ofisini. Mwalimu Mkuu alihesabu kwa ncha ya penseli hadi ishirini na sita, akasita.

"Huyu ni mtu au ni kasoro?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, kwa mara ya kwanza maishani nikayameza. Mwalimu Gellért alivaa miwani akainama.

"Anga sawa," akasema. "Nyuso sawa. Haijaguswa na kompyuta. Watu ni ishirini na saba."

"Gellért, mto unaonekana ndani yake."

"Nimemfundisha miaka minne," mwalimu akasema. "Ndiyo mara ya kwanza naona kitu humo."

Mwalimu Mkuu alitia sahihi, haraka, akigeuza uso dirishani. Kule korido nilimwuliza mwalimu ni nini hasa nilichofanya sawa. Akanieleza kwa dakika kumi, kwa upendo. Nilitoka nikijua kidogo kuliko nilivyoingia.

Jumapili ya kwanza baada ya tablo kuwekwa, nilisimama ng'ambo ya barabara nikila mkate wa kukaanga wenye jibini, nikijificha nyuma yake. Nilikuwa nimeshakagua kila kitu asubuhi. Fremu yangu ilikuwa na uso wangu. Picha ya Mwalimu Gellért ilikuwa yake mwenyewe, ingawa nililazimika kutazama mara mbili.

Walikuja polepole, mikono nyuma, Bibi Etelka na bibi yangu mwenye kilemba cha zambarau. Walianza kwa muuza nyama. Walipita duka la dawa. Kwenye duka la viatu bibi alilitafuta jina kwa kidole, akalipata, akakiacha kidole hapo. Kisha akatazama picha ya katikati. Akatoa leso akafuta miwani. Akatazama tena. Akakifuta kioo cha dirisha, palepale kifuani kwangu, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu.

Nikavuka barabara. Nikamsalimu Bibi Etelka kama ilivyo desturi, "Nabusu mkono," naye akaniangalia kwa huruma, akamwuliza bibi kama huko bweni wanatupa chakula kweli.

Bibi akanigeukia. "Nani amekuchanganyia hii?" akaniuliza.

"Mimi mwenyewe, bibi."

Akaisogelea tena, pua karibu iguse kioo.

"Wenzako wamepata Mtunza Nyumba," akasema. "Wewe wamekumiminia mvinyo mtupu."

Sikujua kama ni sifa au lawama. Watu walikuwa wanatoka kanisani sasa, wanakuja makundi kwa makundi. Bibi aligeuka akasimama akiwa ameupa mgongo ukingo wa dirisha, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuitazama tablo bila kumpita kwanza. Kila aliyefika alimwonyesha. Huyu hapa, alisema, huyu mwenye mto. Bibi Etelka alimvuta mkono waende kwenye dirisha lililofuata, maana yalibaki mengine manne, na mwaka wa sitini na moja huu hawajawahi kuruka hata moja. Bibi akamwambia atangulie tu.